Mama Asiyevuta Pumzi

Sogeeni karibu. Kesi hii haina hakimu isipokuwa ninyi.

Pangani waliishi ndugu watatu, watoto wa marehemu Bi Mwanakombo. Chausiku, mkubwa wao, alisomea sheria, na akishika hoja haiachi. Mbaruku alizijua njia za mtandao kama mganga ajuavyo mizizi. Sikudhani, kitinda mimba, alijaliwa sikio. Kaka yake alimtania kwamba panya akipiga chafya darini, yeye humtambua kwa jina.

Mwaka haujatimia tangu mazishi, mama yao akatokea kwenye simu. Sikudhani alikuwa akitazama mapishi, mara ushungi uleule, tabasamu lilelile: "Magoti yalinitesa miaka mingi. Nikanywa dawa hii nikapona. Agiza leo."

Simu ikamponyoka. Tangu hapo tangazo likamwandama: akifungua habari, mama, akifungua mawaidha, mama. Majirani nao wakaanza kuagiza. Bi Mkasi, shoga wa marehemu, aliacha dawa za hospitali akanywa ile, akavimba miguu. Walipomuuliza kisa, alilalamika kwamba Mwanakombo kamwambia mwenyewe.

Chausiku alihisi mama aliwahi kuuza sura yake kwa siri. Wakagombana. Sikudhani akajifungia chumbani, akalisikiliza tangazo tena na tena, kisha akatoka.

"Sauti ni ya mama. Anayesema si mama."

"Umejuaje?"

"Mama alikuwa na pumu, dada. Hakuwahi kumaliza maneno mawili matatu bila kutweta. Huyu havuti pumzi kabisa."

Safari hii Mbaruku hakumtania.

Yeye akafuata nyayo za tangazo mtandaoni. Tangazo lilikuwa la kampuni ya dawa za lishe, nayo ilinunua sura na sauti kwa wenye programu moja ya simu, ya kupamba salamu za Idi. Mama aliitumia Idi yake ya mwisho kuwasalimia wajukuu kwa video. Simu yake iliibwa baadaye, na wajukuu walikwisha kuifuta video ile, kama watoto wafutavyo. Huko kwenye programu ilikuwa imehifadhiwa nzima, na kutoka humo mashine ilijifunza kumsemesha.

Kampuni ikajibu kwa ubaridi kwamba mama alibonyeza kitufe cha kukubali. Ndipo Chausiku aliposimama mbele ya baraza la malalamiko, akaweka mezani vitabu vya mama, vyote vya herufi za Kiarabu. Hizo ndizo pekee alizojua kusoma; masharti yalikuwa kurasa na kurasa za Kiingereza.

"Alibonyeza ili salamu iondoke," akasema. "Mtu hukubali alichokielewa. Mama hakukubali kitu."

Baraza likaamuru tangazo liondolewe na nakala zote ziteketezwe. Salamu ya Idi tu irudishwe, tena kwa mrithi mmoja atakayetia saini, isije ikasambaa na kughushiwa upya.

Mmoja! Sikudhani aliitaka kwa jambo analoona haya kulisema: siku hizi akimkumbuka mama, huja yule wa tangazo. Wa kweli amefunikwa. Aliomba amsikie tena kabla hajampoteza kabisa.

Mbaruku alisema bila yeye wasingejua hata kama ipo. Ataifungia pasipofikika, wajukuu waikute wakikua.

Chausiku alitaka kuifuta.

"Mungu amempumzisha, sisi tunamfufua kila siku. Mwacheni mama akae kaburini kwake."

Bila sikio, wangeamini ni yeye. Bila nyayo, wasingepata wa kumshtaki. Bila hoja, marehemu angekuwa anauza dawa mpaka leo. Karatasi ya baraza iko mezani, haijatiwa saini, na Sikudhani ameigeuza simu yake kifudifudi, yule wa tangazo asije akamtokea.

Haya, mliosikia: amri ni yenu. Ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani?