Sultani Alivyobisha Hodi Uwanjani

Hapo zamani, katika mwezi wa Shaabani, baina ya adhuhuri na alasiri, mtaa wa Makutini katika mji wa Kiungwe uliungua wote. Chanzo cha moto hakikujulikana. Wengine walisema ni jiko la muuza mihogo. Muuza mihogo akasema ni buruma ya jirani. Jirani akaapa kwamba hajavuta tangu Idi. Hakufa mtu, lakini haikusalia nyumba hata moja, na masika yalikuwa yakikaribia.

Basi Sultani Badawi, mtawala wa mji huo, akaamuru watu wa Makutini wapewe mawe, chokaa na boriti kutoka hazina ya mji, ili kila aliyeunguliwa apate nyumba isiyoshika moto. Mpiga mbiu akazunguka, wanawake wakapiga vigelegele. Furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi, ndipo Waziri Harithi alipoleta sharti lake.

"Bwana wangu," alisema Waziri, "hazina ya mji si kisima cha mtaa. Tukimpa boriti mtu asiye na nyumba, kesho atazipeleka sokoni. Na apewe mwenye nyumba, nyumba ambayo wewe mwenyewe umeiona na kuikiri. Huyo ndiye mtu wa kuaminika."

Sultani alikuwa akila tende. Maneno yale yalimwingia sikioni kama busara, akayaridhia, akasema kwamba atakwenda Makutini baada ya sala ya Ijumaa kuzitazama hizo nyumba. Waziri hakumweleza kuwa nyumba yake yeye Waziri ilikuwa ikingoja ghorofa ya pili, wala kwamba vifaa vitakavyokosa mwenyewe siku hiyo vingerudi chini ya mkono wake.

Habari ilipofika Makutini, watu walikuwa wameketi juu ya majivu. Bi Mize, mjane aliyekuwa akilea wajukuu, akajishika kichwa.

"Jamani, ni mimi niliyezeeka au ni wao waliolewa? Ningekuwa na nyumba, ningeomba nyumba ya nini?"

"Ndiyo ada ya wakubwa, Bi Mize," akajibu Vuai. "Mwenye kofia huongezwa kilemba. Mwenye upara huambiwa akanyoe kwanza."

Vuai huyu hakuwa na kazi iliyojulikana. Alilala kwenye baraza za watu, na siku ya moto ni yeye peke yake ambaye hakupoteza kitu. Watu walimwita mpumbavu, naye akiitwa hivyo aliitika.

"Mlango unao?" akamwuliza Bi Mize.

Mlango alikuwa nao. Desturi ya Kiungwe ilikuwa mlango kwanza, nyumba baadaye, na marehemu mumewe alikuwa amechongesha mlango wa msaji, wenye nakshi na mnyororo wa shaba. Mlango ukaisha, na mume naye akaisha, nyumba ya mawe isijengwe. Tangu hapo mlango uliegemezwa uani kwa fundi, mtaa wa pili ambako moto haukufika, na kuku wa fundi walilala juu yake.

"Basi nusu ya kazi imekwisha," akasema Vuai.

"Na nusu iliyobaki ni nini, ufunguo?" akauliza muuza mihogo, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu moto.

Vuai akawachukua wanaume wanne wakaufukuza usingizi wa kuku, wakauleta mlango, wakausimamisha katikati ya uwanja mweusi, wakaufungia mnyororo. Nyuma yake akafagia majivu, akatandika mikeka, akawaketisha watu wote wa Makutini, akateleka birika la kahawa.

Ikawa Ijumaa, baada ya sala, Sultani akaja na Waziri na askari, na watu wa mji wakifuata nyuma. Akaona uwanja, majivu, na mlango umesimama peke yake mfano wa mtu aliyesahauliwa na wenzake. Kulia kwake hapakuwa na kitu, na kushoto vivyo hivyo.

Askari mmoja akaanza kuuzunguka. Mara Vuai akapiga ukelele kutoka nyuma:

"Lahaula! Mtu anapita ukutani, na ndani mna wanawake! Enyi waja wa Mungu, huyu kalelewa wapi?"

Wanawake wakajifunika shela na kugeuza nyuso. Askari akaruka nyuma, akaomba radhi.

"Ukuta gani?" Waziri akafoka. "Wewe Vuai, ukuta uko wapi?"

"Namsikia mtu anapiga kelele nje ya nyumba ya mjane," Vuai akawaambia wenzake, "na hata hodi hajabisha. Hawezi kuwa mtu wa Sultani. Watu wa Sultani wana adabu."

Sultani akasimama akawaza. Mlango ulikuwa umefungwa, nyuma yake mna wanawake wamejifunika, na mji mzima ulikuwa ukitazama. Mama yake alikuwa amemlea vizuri. Akasogea akaugonga mnyororo.

"Hodi."

Ndani, Bi Mize akaendelea kumimina kahawa.

"Hodi!"

"Bwana wangu, unabishia upepo," akanong'ona Waziri.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?" ikauliza sauti ya Bi Mize.

"Ni Badawi."

"Badawi yupi? Wa muuza samli?"

"Badawi Sultani."

"Aa, karibu mwanangu, karibu ndani. Ngoja nifungue."

Mnyororo ukalia, mlango ukafunguka. Sultani akavua makubadhi yake kizingitini, akatanguliza mguu wa kulia, akaketi mkekani, akapewa kahawa. Waziri akataka kupita pembeni, watu wote wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Ikambidi arudi mlangoni, naye akabisha hodi, akavua viatu, akaingia.

Sultani alipomaliza kikombe akasema, "Kahawa ni njema. Sasa, Vuai, nionyeshe nyumba."

"Bwana wangu, umo."

Sultani akatazama juu akaona mawingu. "Sioni kuta wala paa."

"Hata mimi sikuona, Bwana wangu. Mimi mpumbavu nilidhani ni uwanja. Lakini nilipomsikia Sultani akibisha hodi mara tatu, akataja jina lake na kuvua viatu, nikajuta. Nikasema, kumbe ni nyumba, maana Sultani hawezi kuubishia hodi uwanja mbele ya mji mzima."

Bi Mize akaliweka birika chini, asilidondoshe.

"Huu ni uchale!" Waziri akasimama. "Bwana wangu, hapa si nyumba, ni kiwanja!"

"Waziri," akasema Sultani taratibu, "viatu vyako viko wapi?"

Waziri akaitazama miguu yake mitupu.

"Viko mlangoni, Bwana wangu."

"Mlangoni kwa nini?"

Sultani akaanza kutabasamu, kisha akacheka, akacheka hata kahawa ikampalia na Bi Mize akampigapiga mgongoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia tangu atawazwe.

"Nimeikiri," akasema alipopata pumzi. "Ila ina upungufu."

"Mdogo tu, Bwana wangu," akasema Vuai. "Kuta na paa."

"Na wenyeji wake ni akina nani?"

"Hao wote unaowaona."

"Mtaa mzima katika nyumba moja?"

"Haijagawanywa vyumba bado."

Basi Sultani akaamuru, mbele ya mashahidi, kwamba kila aliyeketi mkekani apewe mawe, chokaa na boriti kama ilivyotangazwa, na Waziri avilete mwenyewe. Vuai akaulizwa naye anataka nini. Akasema amechoka, anataka kulala. Akaambiwa alale. Akauliza, chumba gani? Naye akaandikiwa fungu lake.

Wako wasemao kwamba Waziri alifukuzwa, lakini hilo halina shahidi. Lililoshuhudiwa ni kwamba Jumatatu iliyofuata alifika Makutini na shehena ya kwanza ya mawe. Kuta zilikuwa hazijaanza. Akausimamisha msafara wa punda mbele ya mlango, akavua viatu, akabisha hodi mara tatu, akangoja afunguliwe.