Mheshimiwa Ana Maji Tele

Diwani Ngwilizi alipenda sana kuwapasha wananchi habari, hasa za mambo ambayo hayajatokea. Siku moja alimwita Siwatu, mpiga debe wa sokoni, akamwambia, "Tangaza kwamba mabomba ya kata nzima yanatoa maji. Ukikataa, kipaza sauti chako nakipiga marufuku."

"Hata kwako yanatoka, mheshimiwa?"

"Hasa kwangu!"

"Hasa kwako," Siwatu aliitikia kwa adabu, akazunguka mitaani akitangaza hivyo hivyo. Watu walifungua mabomba, yakatoa upepo.

Adhuhuri boza la halmashauri, ambalo kila siku lilimpelekea diwani maji, lilifika getini kwake. Siwatu akalisimamisha.

"Dereva, hukusikia tangazo? Mheshimiwa ana maji tele. Gawa hapa hapa barabarani."

Akina mama wakajaa na ndoo. Diwani akatoka mbio, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni.

"Hayo maji ni yangu!"

Siwatu akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Mheshimiwa, wananchi wanasikiliza. Tuwaambie bomba lako halitoi?"

Diwani akazitazama zile ndoo, akalikaza taulo lake.

"Endeleeni kuchota," alisema, "ila pangeni foleni."