Aliyepanda Masale

Isome taratibu, halafu mtumie dada mmoja na mjomba mmoja. Hasa mjomba.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi binti msusi aliyeitwa Nakijwa. Alisuka vichwa vya watu miaka nenda rudi, akidunduliza akiba kwa jambo moja tu: kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu angemwambia, "Hapa si kwako."

Akiba ile haikugusa hata bei ya kiwanja cha barabarani. Ilitosha cha mteremkoni, kilichojaa mawe. Nakijwa alikizunguka asubuhi nzima, akawaza kwamba mawe yale yale ndiyo yatakuwa msingi wa nyumba. Akaamua: hiki hiki.

Mwenye kiwanja, Bwana Semboja, alimpandisha akamshusha kwa macho.

"Binti, ardhi ya nini? Kesho utaolewa, utaondoka nayo?"

"Kwani baba unauza kiwanja au unanitafutia mchumba?"

"Nauziana na wanaume. Mlete baba yako."

Nakijwa akameza hasira. Kwa bei ile asingepata kingine. Akamwendea baba yake, Mzee Mrutu, mtu wa maneno machache, akamkabidhi bahasha.

"Baba, simama wewe kama mnunuzi."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Nakijwa akarudi nyumbani akiwaza. Yeye alimwamini baba yake. Lakini kiwanja kikiandikwa kwa jina la baba, siku baba akiondoka duniani kaka zake watakigawana, na yeye ataambiwa asante kwa kuja msibani.

Siku ya kukabidhiana wakaja majirani wa mipaka yote na mwenyekiti wa kitongoji. Desturi ya pale ni kwamba mnunuzi hupanda masale, ile mimea ya majani marefu inayotenganisha mashamba, kwenye pembe za kiwanja mbele ya majirani. Hapo ndipo mauziano huandikwa.

Semboja akatia hela mfukoni, akamshika Mzee Mrutu mkono. "Hongera, mzee mwenzangu." Nakijwa hakupewa hata salamu.

Mzee akapewa jembe na miche. Akainama, akashika kiuno.

"Mgongo umegoma. Nakijwa, mama, hebu nipokee."

Watu wakacheka. "Mzee Mrutu, na mteremko huu utauweza kweli?"

Nakijwa akalichukua jembe, machozi yakimlengalenga. Hela zangu, jasho langu, jina la mwingine. Akachimba kama anayegombana na ardhi. Baba yake alimfuata pole pole akimwondolea mawe, na kila pembe akimwita jirani wa upande ule: "Sogea, jirani, uone vizuri."

Mche wa mwisho uliposimama, mwenyekiti akatoa kalamu. "Haya, Mzee Mrutu, jina lako kamili."

"Subiri kidogo. Jamani, masale haya kayapanda nani?"

Watu wakatazamana. Mama Nanzia, jirani wa upande wa juu, ndiye aliyejibu. "Nakijwa. Tumeona sote."

"Na hapa kwetu nani hupanda masale?"

"Mnunuzi."

"Basi mwandikeni mnunuzi. Mimi nimemsindikiza mwanangu tu."

Semboja akafungua mdomo. Majirani wote wakamgeukia. Akaufunga.

"Jina lako kamili, binti," mwenyekiti akasema, safari hii akimtazama Nakijwa usoni.

Wakati wa kurudi nyumbani Nakijwa alishindwa kujizuia. "Baba, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ungepanda ukitabasamu, Semboja angeshtuka." Mzee akamshika mkono. "Siku uliponipa bahasha nilivigusa vidole vyako, mwanangu. Vigumu kuliko vyangu, na mimi nimelima maisha yangu yote. Ningepata wapi uso wa kuandika jina langu juu ya vidole hivyo?"

Funzo: Alichokinunua mwanamke kwa jasho lake kiandikwe kwa jina lake, angali hai, watu wakiona. Ukimpenda kweli, simama pembeni yake uwe shahidi.