Askari Mia Waliokula Kabwe

Ugalo ilipopata bunduki, majirani zake waliacha kulala fofofo. Haukupita mwezi, Mtemi Lugalila wa Ugalo akaitaka Kabwe, nchi ndogo ya mpakani, ipokee askari wake mia.

"Ni kwa usalama wenu," alisema.

"Tunashukuru," alijibu Nyanzala, mpishi aliyetumwa na wazee wa Kabwe. "Kila nyumba italisha mmoja."

"Mkiwatilia sumu je?"

"Toa amri, Mtemi, tuifuate."

"Mwenyeji aume kwanza, kisha askari aume palepale."

"Hata nyama?"

"Hasa nyama."

Askari walipofika, Nyanzala alichoma maini ya mbuzi, akapeleka kipande kimoja kila nyumba. Amri ilifuatwa.

Baada ya mavuno Lugalila aliwaamuru askari wake waiteke Kabwe. Hakuna aliyeinua bunduki. Akaja mwenyewe, amefura kwa hasira na njaa ya safari.

"Hawawezi, Mtemi," alisema Nyanzala. "Kwenu na kwetu mila ni moja. Wawili wakiuma ini moja ni ndugu, na amwagaye damu ya nduguye hufa yeye na kizazi chake."

"Nani aliwaapisha?"

Nyanzala akamsogezea sahani.

"Amri ilikuwa yako, Mtemi. Karibu ini. Nimeshaliuma."