Jinsi Anemoni Alivyopata Mguu

Kulikuwa na wakati, wanangu, ambapo anemoni hakuwa na mguu. Namsema huyu huyu mnayemwona ndani ya tangi la kioo, anayefanana na ua, mwenye minyiri mingi laini inayopepea majini. Si ua. Ni mnyama wa bahari. Wakati huo alizaliwa amenata kwenye mwamba kama matumbawe, na pale alipozaliwa ndipo alipokaa mpaka mwisho wake.

Ndani ya minyiri yake aliishi rafiki yake, samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Minyiri hiyo iliwachoma samaki wengine, lakini huyu mdogo haikumchoma. Basi samaki wakubwa wenye njaa walipopita, yeye alijichimbia katikati ya mwenzake akatulia. Hakuwa na nyumba nyingine wala ulinzi mwingine.

Siku hizo watu na viumbe vya baharini walikuwa bado wanasikilizana. Katika kijiji kimoja cha pwani aliishi mwanamke aliyeitwa Mize, aliyeokota chaza na kombe maji yanapokupwa. Mize alisifika kwa ukarimu. Watu walisema kwamba nyumbani kwake hata paka wa jirani huambiwa "karibu".

Mwaka mmoja tufani ilipiga, ikavunja kipande cha mwamba. Asubuhi yake Mize alimkuta anemoni amebanduka, amelala kichwa chini mchangani, na yule samaki mdogo anazunguka kwenye kidimbwi akifukuza kaa waliokuja kumdonoa mwenzake.

"Mama," samaki alisema, "hutatupita hivi hivi?"

"Sijawahi kumpita mtu mlangoni," Mize alijibu, "nitakupiteni nyinyi?"

Kasa, mzee wa mwamba ule, alikuwa karibu akasikia. Akamwambia Mize awatunze mpaka bamvua lijalo, siku ambayo bahari hukupwa mbali kabisa. Kufikia hapo mwamba ungekuwa umetulia. "Lakini fahamu," Kasa aliongeza, "huyu mkubwa akifa, huyu mdogo hamalizi siku mbili. Umeahidi roho mbili, si moja."

Nje ya mlango wa Mize palikuwa na birika la mawe, ambalo wageni walinawia miguu kabla ya kuingia. Mize alilisugua, akapanga mawe ndani yake, akalijaza maji ya bahari. Kila asubuhi alitoa mtungi mmoja wa maji ya jana akatia mtungi mmoja wa maji mapya. Alikata dagaa vipande vidogo akawalisha. Yote hayo aliyafanya vizuri, na mpaka leo wanaofuga viumbe hawa hufanya vivyo hivyo.

Kosa lake lilitoka kwenye ukarimu wake. Kwao mgeni hupewa mahali bora, na mahali bora hubadilika kadiri siku inavyokwenda. Siku ya kwanza Mize alimweka anemoni katikati, juu ya jiwe bapa, kama mgeni wa heshima. Jua lilipofika pale, akambandua taratibu kwa vidole akampeleka kivulini. Siku ya tatu aliona kwamba waliokaa barazani hawamwoni vizuri, akamsogeza ukingoni. Halafu akahofu kwamba ukingoni kuna upweke, akamrudisha katikati.

"Sogea hapa, mgeni wangu," alimwambia. "Hapa pana upepo."

Mwanzoni anemoni alishukuru. Baadaye akanyamaza. Minyiri yake ilifupika, rangi yake ikafifia, akawa mdogo kama ngumi ya mtoto. Kadiri alivyosinyaa, ndivyo Mize alivyozidi kumtafutia mahali pazuri zaidi.

Jirani yake, Mwanaidi, aliinama juu ya birika akatikisa kichwa. "Mgeni wako amekuja ua, anaondoka kitambaa cha kufutia meza," alisema. "Au unamnyima chakula, Mize?"

Mize hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku nne tu kufika bamvua. Samaki mdogo alijisugua kwa mwenzake huku na huku, akamletea vipande vya dagaa mdomoni, navyo vikaanguka chini.

"Mama," alisema, "hanijibu tena."

Mama mkwe wa Mize, Bi Zuwena, alikuwa ameketi ndani ya mlango akisuka ukili wa mkeka. Alikuwa ameyaona yote tangu siku ya kwanza. Sasa akauweka ukili mapajani.

"Mize, mwanangu. Siku walipokuleta hapa bibi harusi, nilikulaza chumba gani?"

"Cha mbele, mama."

"Kisha?"

"Cha kati. Halafu ukanihamishia kile cha juu, chenye dirisha."

"Kila nilipoona kilicho bora zaidi, nilitaka ukipate wewe. Je, ulilala?"

Mize alitazama chini. "Sikulala, mama. Mwezi mzima."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Nilikuwa mgeni."

Bi Zuwena aliuchukua ukili wake akaendelea kusuka.

Mize alitoka nje akapiga magoti kando ya birika. "Mgeni wangu," aliuliza, "wewe mwenyewe unapenda kukaa wapi?"

Sauti iliyotoka majini ilikuwa ndogo sana. "Sijui, mama. Sijawahi kuulizwa. Na hata nikijua, sina cha kunipeleka."

Mize alizamisha mkono, akakikunjua kiganja chini ya anemoni. "Basi kaa hapa kwanza, mpaka ujue."

Anemoni akashika kiganja. Alipoegemea kushoto, Mize aliupeleka mkono kushoto. Alipotulia, mkono ulitulia. Wageni walianza kufika, wakapiga hodi. Mize aliitikia lakini hakuinuka, jambo ambalo halijapata kuonekana katika nyumba ile.

"Leo tunakaribishwa na mgongo," alisema Mwanaidi, na wenzake wakacheka.

Uso wa Mize ulipata moto kwa aibu. Hata hivyo mkono wake haukutoka majini. Bi Zuwena aliinuka mwenyewe akawamiminia wageni kahawa.

Saa zikapita. Ngozi ya Mize iliwasha na vidole vikakunjamana. Anemoni aliyekuwa amekishika kiganja akaanza kujifunza kutoka kwake. Alikaza kidogo, akalegeza kidogo, akajisukuma, akakaza tena. Upande wake wa chini ukachukua ulaini wa kiganja na nguvu yake ya kushika. Alasiri alivuka ncha za vidole akapanda jiwe, polepole mno hata mtu angeweza kumaliza kikombe cha kahawa kabla anemoni hajasogea upana wa ukucha.

Alilipita jiwe bapa la heshima. Aliupita ukingo. Akaingia kwenye ufa wa nyuma, upande ambao hakuna aliyekaa barazani angeweza kumwona.

Mize aliunyanyua mkono ili amrudishe mbele kidogo tu. Mkono ukasimama juu ya maji. Kisha akaufuta kwa kanga yake.

Kesho yake asubuhi anemoni alikuwa amefunguka mle ufani, mpana kama sahani, na samaki mdogo amelala katikati yake. Siku ya bamvua Mize aliwarudisha wote wawili baharini. Kasa alikuwa amewatengenezea mahali.

"Jiwe lako ni hili," alimwambia anemoni.

"Nimeliona, mzee," anemoni alijibu, akalipita, akaenda kutafuta jingine.

Kasa alimtazama mpaka akapotea nyuma ya matumbawe. "Amechukua nini kwako?" alimuuliza Mize.

"Sijui, baba. Mkono wangu bado ninao."

Na tangu siku hiyo anemoni ana mguu mmoja, laini kama kiganja, na hutembea. Ukimtia katika tangi lako nyumbani, hatakaa ulipomweka. Atatembea siku moja, pengine tatu, pengine wiki. Kwa hiyo wanaomfuga huufunika kwa sifongo mdomo wa pampu inayozungusha maji ya tangi ili asivutwe ndani, kisha huitoa mikono majini wakangoja. Anayemhamisha kila asipomwona vizuri, humkuta siku moja amesinyaa.

Wakati mwingine, baada ya kungoja kote huko, atachagua nyuma ya jiwe, ambako huwezi kumwona kutoka kitini. Muache. Wewe una miguu miwili, yeye ana mmoja. Zunguka wewe.