Maji Yamefika Ikongwe

Palikuwa na mtu aliyelima mpunga kando ya mto, jina lake Elinihaki. Mto ulimpa maji, kambare, na udongo mweusi ulioshuka kila masika bila kuombwa. Unakotoka hakukujua. Shuleni aliwahi kukariri majina ya vijiji vya milimani ili asichapwe. Fimbo ilipoondoka, majina nayo yaliondoka. Watu wa huko waliposhuka kuuza maharage, wote aliwaita "wa juu." Mkewe, Namkunda, alipopanda huko kuzika, alimsihi wafuatane. Alikataa. Hakuwa na shamba huko.

Mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeiva, mwanamke wa juu alikuja mbio, miguu imechanwa na miiba, akipiga kelele nyumba hata nyumba: "Maji yamefika Ikongwe! Tokeni!"

Namkunda alikuwa njiani na watoto. Ikongwe alikufahamu: maji yakifika pale, ugali hauivi kabla hayajafika bondeni. Akawashika watoto, akakimbilia mlimani. Kwa mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, hakuwa na wasiwasi. Elinihaki alikuwa naye pale pale uani. Angembeba.

Elinihaki alitazama juu. Mbingu ilikuwa safi, hata wingu moja hakuna.

"Ikongwe ndiyo wapi?" akauliza.

Yule mwanamke akamkodolea macho. Angeanzia wapi kumweleza mtu mto mzima, na maji yako nyuma yake? Akanyoosha mkono kuelekea milimani, akakimbilia nyumba inayofuata.

Elinihaki akajiambia kwamba mahali asipopajua hapawezi kuwa karibu. "Ni mambo ya huko, mama," akasema, akachukua mundu akashuka shambani.

Alikuwa ameinama pale ndege wa mpunga waliporuka wote kwa pamoja. Kisha ikamjia harufu ya tope bichi, na ngurumo iliyotoka ardhini. Akatupa mundu, akakimbia. Maji yalikuwa yamekwisha kupita kati yake na nyumba. Alimsikia mama yake akimwita kwa jina la utotoni. Alijitosa mara mbili, na mara mbili maji yalimtupa ukingoni. Alipoinua kichwa tena, sauti haikuwapo.

Jioni alifika mlimani amelowa, mikono mitupu. Namkunda alitazama mgongoni kwake, kisha nyuma yake, njiani. Hapakuwa na mtu.

"Hukusikia?"

"Nilisikia," akasema Elinihaki. "Sikujua."

Ndugu zangu, nanyi mnaozima redio ikitajwa nchi msiyoijua: ni nani aliyewaambia kwamba ni mbali?