Kamba ya Mzigo wa Nane

Alikuwapo fundi seremala mwenye mke, watoto watatu na mizigo minane. Jina lake Mbonea. Milango yake ilisifiwa milimani kote, kwa kuwa kila mlango aliutia makomeo mawili, na la tatu la akiba, endapo yale mawili yangegombana. Alikuwa mtu wa tahadhari. Ukimwambia kumekucha, atakuuliza una hakika.

Siku moja ikaja salamu kutoka ng'ambo ya mto, kutoka kwa mama mzazi wa mke wake. Bibi huyo alikuwa anapoteza macho. Mwaka wa juzi aliuona mlima. Mwaka jana aliona mpaka kwenye ua wa nyumba. Sasa aliona kiasi cha urefu wa mkono wake, na hapo napo ukungu ulikuwa unasogea. Akasema: "Nileteeni wajukuu niwaone, kabla sijabaki kuwapapasa kama maparachichi." Yule mdogo wao, wa miezi saba, hakuwa amemwona kabisa. Na masika yalikuwa yananukia. Mto ule ukijaa hauvukwi wiki nenda wiki rudi, na macho ya bibi hayakuwa na wiki za kusubiri. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja kwa miguu. Mtu angeweza kuamka, kunywa uji na kwenda.

Lakini Mbonea alifunga mizigo kwa neno moja, nalo ni huenda. Huenda ikanyesha, akafunga makoti. Huenda likawaka jua, akafunga kofia. Huenda watoto wakachafua nguo, akafunga za kubadilisha. Huenda hizo za kubadilisha zikachafuka, akafunga za kubadilishia za kubadilisha. Huenda kule hakuna beseni la kuogeshea mtoto, akachukua beseni, na ndani ya beseni akatia kindoo, na ndani ya kindoo akatia kikombe, kwa maana huenda mtu akapata kiu wakati wa kuoga. Mkewe, Nakijwa, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe akipanda ngazi. Alitaka kujua atafika wapi.

"Baba Sifuni," akasema, "umesahau kitu kimoja."

Mbonea akashtuka. "Kipi?"

"Paa."

Na la ajabu, ndugu zangu, yule bwana aliinua macho akalitazama paa.

Wakaondoka. Watu wazima wawili hawawezi kubeba mizigo minane, lakini Mbonea alikuwa fundi, na fundi hakosi njia. Alibeba miwili mpaka kwenye kona, akaitua, akarudi kuchukua mingine miwili, akarudi tena, na tena. Watoto aliwakalisha juu ya ile iliyotuliwa wailinde. Mizigo haina miguu, akasema, watoto wanayo. Kwa hesabu hiyo, kila kipande cha njia aliyopita mkewe mara moja, yeye alikipita mara saba, na jua lilipofika utosini alikuwa ametembea kuliko mtu yeyote aliyewahi kutembea mlima ule, na bado alikuwa analiona bati la nyumba yake.

Sifuni, bintiye wa miaka minane, alikaa juu ya mzigo wa tatu akifikiri. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Baba, sisi ndio tunasafiri, au mizigo ndiyo inasafiri sisi tunaisindikiza?"

 Mbonea alikuwa anamtazama mwanamke mmoja aliyekuwa anawapita, na watoto wawili, na kifurushi kimoja kisichozidi ukubwa wa mkate. Akajiuliza. Huyu atalalia nini? Watoto hawa wakilowa, watavaa nini? Akawaza labda ni mjane, labda wameunguliwa nyumba. Huruma ikamzidi.

"Dada, mizigo yenu inakuja nyuma?"

"Iko mbele, kaka," mwanamke akajibu akipita. "Iko kwa shangazi yao tunakokwenda. Blanketi liko huko, uji uko huko, hata beseni liko huko."

Mbonea akamsikitikia zaidi. Akamwambia mkewe kwamba kuna watu wanaishi kwa kubahatisha. Nakijwa akasema ndiyo, na wengine wanabahatisha kuishi. Akamshika Kalinga mkono, yule mtoto wao wa kati mwenye miaka mitano, akaendelea na njia.

Walifika mtoni alasiri. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima kama wazee kwenye kikao, na kutoka huko juu ulisikika mlio usiokuwa wa upepo. Kivuko kile hakina daraja. Kina mawe, na kina desturi yake, ya zamani kuliko mtu yeyote aliye hai: hapavukwi mmoja mmoja. Wanaofika huwasubiri wengine, kisha hushikana mikono, mkubwa, mdogo, mkubwa, mdogo, na mstari huo huanza na mkubwa na kuisha na mkubwa, ili pasiwe na mtoto ambaye mkono wake mmoja umeshika hewa.

Walikuwapo wachuuzi wawili wa vitunguu, walikuwapo yule mwanamke na watoto wake wawili, na wote walikuwa wanasubiri. Mchuuzi mmoja alishuka kwanza majini. Kisha mtoto. Kisha mchuuzi wa pili. Kisha mtoto. Kisha yule mwanamke, kifurushi kikiwa kimefungwa kiunoni. Kisha Sifuni. Kisha Nakijwa na kitoto mgongoni. Kisha Kalinga. Mkono wa kushoto wa Kalinga ulikuwa kwa mama yake. Wa kulia ulikuwa umenyooshwa nyuma, wazi, unasubiri.

Nyuma yake alisimama Mbonea. Mizigo minne alikuwa ameikubali ibaki juu ya ukingo chini ya jabali, na moyo wake ulikuwa unavuja damu. Minne mingine ilikuwa ya lazima kuliko ile ya lazima. Beseni lilikuwa kichwani. Mzigo mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto. Na mzigo wa nane, mkubwa kuliko yote, ulikuwa mgongoni, mwisho wa kamba yake ukining'inia.

"Kalinga, mwanangu," akasema, "shika hiyo kamba. Ishike sana. Usiiachie."

Mtoto akaishika. Akaizungusha mara mbili kwenye kiganja, kama alivyomwona baba yake akifanya.

Yule mwanamke alikuwa amegeuka. Alimtazama mtoto, akaitazama kamba, akaufuata ule mwendo wa kamba kwa macho mpaka kwenye mzigo. Hakupaza sauti.

"Kaka, maji yakiuchukua huo mzigo, mtoto hataiachia kamba, kwa sababu wewe baba yake ndiye uliyemwambia aishike."

Mlio wa juu ukaongezeka.  Mbonea alimtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa anamtazama yeye kwa uso wa mtu aliyepewa kazi kubwa na anayekusudia kuifanya vizuri. Uso huo ndio uliomvunja. Akatua mzigo wa kulia. Akatua wa kushoto. Akainama, beseni likamponyoka likateleza na vyombo vyake hadi kando ya maji. Akaifungua ile kamba kutoka kwenye kiganja cha mtoto, na ilimbidi amwambie mara tatu, "Achia, baba, achia sasa," ndipo vidole vikakubali. Akauvua mzigo wa nane. Kisha akautia mkono wake mtupu ndani ya mkono mdogo uliokuwa unasubiri, naye akashangaa ulivyokuwa na joto.

Wakavuka. Maji yalifika kwenye mapaja ya wakubwa na kwenye vifua vya wadogo, na katikati mguu wa Kalinga ulikosa jiwe, akaning'inia kati ya baba na mama kama nguo kwenye kamba, kisha akapata jiwe jingine akaendelea. Hawakuwa wamekausha miguu wakati maji ya juu yalipofika, rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani yake. Waliliona beseni likipita. Lilikuwa limekaa wima kabisa, kindoo ndani yake, kikombe ndani ya kindoo, kama bwana harusi anayepelekwa kwake. Nakijwa akalipungia mkono.

Bibi aliwapokea mlangoni, penye mwanga. Aliwaita mmoja mmoja, akawavuta mpaka kwenye ule urefu wa mkono wake. Sifuni akaambiwa ana paji la uso la ubishi. Kalinga akaambiwa nyusi hizo ni za babu yake marehemu, azitunze. Yule mdogo, bibi alimpakata. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mbali na hataki ifike mwisho. Mbonea alikuwa amesimama nje uani, kama heshima ya mkwe inavyotaka, mikono mitupu, akitamani ardhi impokee, kwa kuwa zawadi zote za mama mkwe zilikuwa kwenye mzigo wa tano.

Kutoka ndani bibi akasema, "Mwambieni mkwe wangu mzigo umefika."

Mto haukushuka kwa wiki tano. Wiki hizo Mbonea aliziishi kwa udadisi mkubwa. Kila asubuhi alisubiri kusikia ni mzigo upi utakaoliliwa kwanza. Watoto waliogeshwa kwenye karai la jirani. Walilala chini ya kanga za watu. Kalinga alivaa gauni la binamu yake siku mbili mfululizo mpaka kaptula yake ikakauka, akacheza mpira nalo, akafunga magoli. Waliomba uji, waliomba hadithi, waliomba kubebwa. Hakuna aliyeomba kofia. Mto uliposhuka, macho ya bibi yalikuwa yamefunga. Lakini nyuso tatu zilikuwa tayari ziko ndani.

Njiani kurudi, Mbonea aliikuta mizigo yake saba ukingoni, imelowa, imeota uyoga. Aliketi mbele yake akijaribu kukumbuka, kabla ya kuifungua, kilichomo ndani ya kila mmoja. Ule wa nane aliukumbuka kwa ukubwa wake tu. Alichokuwa ametia ndani yake, kwa uaminifu wote, hakukijua.

Nami nawauliza ninyi mlio na watoto nyumbani, ambao mmewaambia washike na wameshika: ile kamba mliyowapa, upande wake wa pili imefungwa kwenye nini?